KONA YA WAZAZI: Watoto wanne, meza moja, programu ipi?

Niliahidi kwamba mwezi huu tutazungumza juu ya meno ya watoto. Meno yatangoja. Kuna swali moja limeletwa kwangu na watu wengi, wengine kwa simu, wengine baada ya ibada, na mama mmoja aliniandikia kwenye karatasi ya daftari. Naliandika kama alivyolisema: "Mama Mwalimu, niko na batoto bane. Mukubwa iko na miaka 13, wa kumi, wa saba, na kale kadogo kana ine. Karo imetushinda. Tunasikia kuko programu za Kikristo za kusomea nyumbani. Ni gani ya bei ndogo tuchukue, yenye itafaa bote?"

Nitajibu kwa kirefu maana jambo lenyewe ni refu. Lakini yule mwenye haraka achukue hili kwanza: usinunue kitu chochote mpaka ujue mtoto wako mkubwa atafanya mtihani gani, mwaka gani, na katika shule ipi. Ukishajua hapo, kuchagua vitabu kunakuwa kazi ndogo. Usipojua, hata ukipewa vitabu vizuri namna gani, bado utahangaika.

Hapa Bukoto yupo msichana mmoja ninayemfahamu, sitamtaja. Alisoma nyumbani miaka mitatu kwa vitabu vilivyoachwa na familia moja ya wageni iliyokuwa inarudi kwao. Vitabu safi, vya rangi, kila somo na mstari wake wa Biblia. Mama yake alikuwa anasimamia kila asubuhi kabla ya kwenda kuuza mboga. Yule mtoto akajua Kiingereza kuliko watoto wa jirani wanaovaa sare. Alipofika miaka 14 wakampeleka kuandikishwa S1. Mwalimu mkuu akamsikiliza akisoma, akafurahi, kisha akauliza: matokeo ya PLE yako wapi? Hayakuwepo. Hakuna mtu aliyekuwa amemwandikisha mahali popote. Ikabidi arudi P7, akae dawati moja na watoto wa miaka 12, angoje Novemba. Alivumilia, akafaulu, yuko sekondari sasa. Lakini mwaka mzima ulikwenda, na karo ya mwaka huo ilitoka kwa shida sana. Vitabu havikuwa na kosa lolote. Viliandikwa kwa ajili ya mtoto wa nchi nyingine, basi.

Kwa hiyo tuanze na PLE. Shule ya msingi ya Uganda ni miaka saba, P1 mpaka P7, na mwisho wake ni huo mtihani unaotungwa na UNEB. Kwa kawaida unafanyika mwanzoni mwa Novemba, siku mbili, karatasi nne: Hesabu, Kiingereza, Sayansi, na Maarifa ya Jamii, hiyo watoto wanayoiita SST. Kila karatasi inapewa alama kuanzia 1 mpaka 9, na 1 ndiyo nzuri. Ukijumlisha zote nne, aliyefanya vizuri kabisa anapata 4, na aliyeshindwa kabisa 36. Usajili unapitia shule yenye namba ya senta ya UNEB, tena unafanyika miezi ya mwanzo ya mwaka. Mzazi anayekumbuka mwezi wa kumi amechelewa. Katika shule za serikali zilizo chini ya UPE, serikali ndiyo inayolipia usajili huo. Katika shule za binafsi mzazi ndiye anayelipa.

Na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi Wakristo hawalijui. Ndani ya karatasi ya SST kuna maswali ya dini. Mtoto anachagua kujibu ya Kikristo au ya Kiislamu. Maana yake yale mnayofundisha jioni nyumbani, Ibrahimu, Musa, mifano ya Yesu, safari za Paulo, yana alama zake katika mtihani wa serikali. Tusifikiri kwamba mtaala wa Uganda ni wa kipagani mpaka tuagize mwingine kwa meli.

Sasa tuziangalie hizo programu za nje zenyewe. Inayojulikana zaidi katika Afrika ni ile ya Accelerated Christian Education, iliyoanza Texas mwaka 1970. Kwa kusema haki, ina jambo moja zuri sana: mtoto hawekwi kwa umri wake. Anapimwa kwanza katika kila somo, kisha anaanzia pale anapoweza. Anaweza kuwa mbele katika kusoma na nyuma katika hesabu, na hakuna wa kumcheka. Hilo tuchukue. Lakini masomo yenyewe yamo katika vijitabu vya kujazia. Kawaida ni vijitabu 12 kwa somo moja kwa mwaka. Masomo matano ni vijitabu 60. Watoto watatu ni 180. Na mtoto akishajaza majibu ndani, mdogo wake hawezi kukitumia tena. Fikirini wenyewe: koti la kaka linashuka kwa mdogo wake, viatu vinashuka, lakini kijitabu kilichojazwa kinakwenda kuwashia sigiri.

Hii ndiyo kanuni yangu ya kwanza kwa nyumba yenye watoto wa umri mbalimbali, na haihitaji hesabu kubwa: nunua kitabu cha kusoma, usinunue kitabu cha kuandika ndani. Majibu yaandikwe kwenye daftari. Kitabu kimoja cha Hesabu cha P4 kikitunzwa na kufungwa gazeti kinaweza kupita mikono ya watoto wote wanne.

Kuna na programu za bure. Ambleside Online, kwa mfano, inafuata mawazo ya Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyezaliwa 1842 na kufariki 1923, ambaye alikuwa anawatumia masomo kwa posta wazazi waliofundisha watoto wao nyumbani. Orodha yake ya vitabu haina malipo, na vitabu vingi ni vya zamani vinavyopatikana bure kwenye intaneti. Lakini ni Kiingereza kizito cha miaka mia iliyopita, na mtoto aliyetoka Uvira juzi akipewa kile kitabu atalala. Vilevile "bure" ya intaneti ina bando ndani yake, ina simu, ina chaji, na Yaka ikiisha hakuna somo. Mimi nachukua njia yake ya kufundisha, hivyo vitabu namwachia. Njia yenyewe ni hii: msomee mtoto kipande kifupi mara moja tu, kisha yeye akusimulie kwa maneno yake. Hapo bibi zetu wangecheka, maana ndiyo "hadithi hadithi, hadithi njoo" waliyotufanyia karibu na moto.

Najua wengine mtanijibu: "Lakini Mwalimu, sisi tuko kwenye prosesi, tunakwenda Marekani, kwa hiyo mtoto asome ya Marekani." Nimelisikia sana hili, na ninalisema polepole kwa sababu linauma. Tangu Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na familia nyingi zilizokuwa zimeshapimwa afya zimebaki hapa. Hata kama mlango utafunguka kesho kwa familia yako, kule shule ya serikali ni bure, na kwa kawaida mtoto anawekwa darasa kufuatana na umri wake. Hakuna atakayemuuliza kama alijua majimbo yote 50 alipokuwa Bukoto. Watakachotaka ajue ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Na hayo matatu anaweza kuyapata kwa mtaala wa hapa, wakati huohuo akapata cheti cha hapa. Ukifundisha kwa ajili ya safari tu, safari isipokuja mtoto hana kitu mkononi.

Basi tutumie nini? Mimi natumia mtaala wa NCDC, kile kituo cha serikali kinachotunga mitaala ya Uganda. Mnakumbuka shule zilivyofungwa Machi 2020 zikaja kufunguliwa zote Januari 10, 2022? Karibu miaka miwili! Wakati ule kila mzazi wa Uganda, tajiri kwa maskini, alikuwa mwalimu wa nyumbani, na NCDC ikatoa masomo ya mtoto kujisomea mwenyewe, darasa kwa darasa. Nakala za masomo yale bado zinazunguka. Ulizeni walimu wa shule ya jirani, wengine wameziweka kabatini. Mtu akikupa kwenye simu au flashi, Wandegeya na Nasser Road fotokopi zimejaa. Msichape kwenye duka la karibu kabla ya kuuliza bei huko. Mkiwa kambini, wazazi watano wachangie nakala moja, kisha kila nyumba ikae nayo wiki moja.

Upande wa Ukristo, Biblia mnayo. Ile ya Union Version ya 1952 ina Kiswahili kinachomnyoosha mtoto ulimi, hasa watoto wetu wanaosema "batoto" na "bintu" kama mimi nyumbani kwangu. Na Kiswahili sasa kina faida kuliko zamani: Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, na katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 tayari kilikuwa cha lazima S1 na S2. Mtoto wa Kongo anayeweza kuandika Kiswahili sanifu ataanza akiwa mbele. Hadithi za kusoma kwa Kiswahili na Luganda mtazipata bure katika African Storybook, na zinaruhusiwa kuchapwa.

Sasa meza yenyewe. Katika muzigo wa chumba kimoja huwezi kuendesha madarasa manne. Usijaribu, utaumwa kichwa na utaacha wiki ya pili. Gawanya masomo mafungu mawili. Yapo ambayo wote wanne wanasoma pamoja: Biblia, hadithi, sayansi ya vitu vinavyoonekana, na habari za nchi. Mnasoma kisa cha Yusufu. Kale ka miaka minne kanachora kanzu. Wa saba anasimulia kwa mdomo. Wa kumi anaandika mistari mitano. Wa 13 anaandika ukurasa kwa Kiingereza na kutafuta Misri kwenye ramani. Somo ni moja, maandalizi ni mara moja, na wewe umechoka mara moja tu. Sayansi vilevile: mbegu ya maharage kwenye kikopo cha plastiki inawafundisha wote, ila kila mmoja anaandika kwa kadiri yake.

Fungu la pili ni Hesabu na kusoma. Hapo kila mtoto peke yake, tena kwa kiwango chake. Pima kwanza. Chukua daftari, mpe maswali ya P2; akimaliza bila shida mpe ya P3, endelea hivyo mpaka aanze kukosea. Anzia hapo, hata kama umri unasema vingine. Kwa yule wa saba, msione aibu kumfundisha kusoma kwa Kiswahili kwanza. Tangu 2007 mtaala wa Uganda wenyewe unataka P1 mpaka P3 wafundishwe kwa lugha wanayoielewa.

Na wale waliosoma Kongo, naomba muwaangalie sana kwenye Hesabu. Wengi wanaonekana wajinga kumbe ni alama tu. Kule kwetu tuliandika 3,5 kwa mkato. Hapa ni 3.5 kwa nukta. Kule 1.000 ni elfu moja. Hapa elfu ni 1,000, na 1.000 ni moja tu! Kugawanya, kule kigawanyo kinakaa kulia ndani ya ule msalaba wake; hapa kinakaa kushoto. Mtoto wa miaka kumi anayejua kugawanya vizuri kabisa anarudishwa P2 kwa sababu mwalimu hakuelewa anachoandika. Wiki mbili za kumwonyesha tofauti hizo zitamwokolea miaka miwili.

Kwa SST fuateni ngazi za Uganda, maana zimepangwa vizuri: P4 wilaya, P5 Uganda, P6 Afrika Mashariki, P7 Afrika. Vitabu vya mitumba vinafaa, ila muwe na kalamu mkononi. Kile cha zamani kitasema nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tano. Leo ni nane. Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo yetu 2022, Somalia ikafuata. Kata, andika upya, na mwache mtoto mwenyewe achore Kongo kwenye ramani. Wangu aliichora kubwa kuliko karatasi.

Jambo moja nitalisema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Katika nyumba nyingi nilizotembelea, "shule ya nyumbani" maana yake ni kwamba binti mkubwa anafundisha wadogo wakati mama yuko sokoni. Anapika, anaosha, anafundisha, na daftari lake mwenyewe ni jeupe. Huyo ndiye aliye karibu zaidi na PLE! Kufundisha mdogo nusu saa kunamsaidia hata yeye kukumbuka. Zaidi ya hapo unamla. Mpangieni saa mbili zake kila siku ambazo hakuna mtoto mgongoni na hakuna sufuria, hata kama ni alfajiri, hata kama ni kwa jirani mwenye taa. Na baba aliyekaa kijiweni anangoja kibarua anaweza naye kushika kitabu. Kusikiliza mtoto akisoma hakuhitaji diploma.

Bado tuko na yule wa miaka 13, na saa yake inakwenda. Sheria ya Elimu ya Uganda ya 2008 inasema elimu ya msingi ni ya lazima kwa mtoto wa miaka sita na zaidi, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inasema katika elimu ya msingi mtoto mkimbizi atendewe sawa na mwenyeji. Kwa hiyo mnapokwenda kuomba nafasi katika shule ya serikali hamwombi hisani. Nyingi kati ya shule hizo zilianzishwa na makanisa. Angalieni kibao cha langoni, mtaona jina la kanisa. Waliosoma Kongo katika shule za makubaliano ya kanisa na serikali watajisikia nyumbani. Bure yake si bure kabisa, kuna uji na sare na mambo mengine, lakini ni tofauti kubwa na ya binafsi. Wengine hapa Bukoto wamefanya hivi: wadogo watatu wanasoma nyumbani, fedha yote inakwenda kwa mkubwa ili aingie P6 au P7 katika shule yenye senta. Mwaka unaofuata zamu ya mwingine inakaribia. Mimi naona ni mpango wenye akili.

Kwa ninyi mlioko kambini kuna na njia ya masomo ya kuharakisha, AEP, kwa wenye miaka 10 mpaka 18 waliopitwa na darasa. Ile miaka saba ya msingi inabanwa kuwa mitatu, na mwisho wake ni PLE ileile. Misaada imepungua na vituo havipo kila mahali, kwa hiyo nendeni mkaulize kabla ya muhula kuanza, msisubiri kuitwa. Na kama mtoto alimaliza msingi Kongo na cheti kiko, hata kama kimelowa mvua, kitunzeni. UNEB ina utaratibu wa kulinganisha vyeti vya nje na vya hapa.

Watu wameniuliza pia kama sekondari inaweza kusomewa nyumbani. Kwa hapa Uganda, mimi nasema jitahidini asisomee nyumbani. Katika mtaala mpya, ambao watahiniwa wake wa kwanza wa S4 walifanya mtihani 2024, asilimia 20 ya alama zinatoka kwenye kazi anazozifanya shuleni mwaka hadi mwaka. Mtoto wa nyumbani anazikosa zile. Basi kile mnachookoa sasa kwa kuwafundisha wadogo, wekeni kwa ajili ya hapo.

Mwenye orodha ya vitabu vya P4 mpaka P7 ambavyo havitumiki nyumbani kwake, aandike majina yake ampe yule anayewaletea gazeti hili. Nitaiweka ukurasa huu, tubadilishane. Na mwezi ujao ni meno, sitabadilisha tena.